Nyumba Nyeupe kwa Idi: Maneno Machache juu ya Chokaa na Rangi

Kila mwaka unapoandama mwezi wa Shaabani, mitaa yetu ya pwani hubadilika harufu. Mikeka hutolewa nje, mapazia huanikwa, na mbele ya kila nyumba ya tatu au ya nne twaona ngazi imeegemezwa ukutani na kijana amesimama juu yake, nguo zake zimejaa matone meupe. Watu wanaziandaa nyumba kwa Ramadhani na kwa Idi. Desturi hii ni njema, na wazee wetu waliifuata kabla yetu. Walakini twaona pia ya kuwa kazi nyingi ya namna hii hupotea bure. Rangi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi hubabuka kabla ya Idi ya pili, na mara nyingine ukuta hubaki katika hali mbaya kuliko ulivyokuwa kabla ya kupakwa. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuandika maneno haya, asaa yakamfaa baba mwenye nyumba, mama mwenye kutunza vyumba, na hasa vijana ambao ndio hupanda ngazi.

KOSA LETU WENYEWE

Hatusemi haya kama watu wasiokosea. Miaka kadhaa iliyopita sisi na ndugu zetu tulishauriana kuipamba nyumba ya wazee wetu, nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye kuta nene na dari ya boriti. Muuza duka mmoja alitushauri tuache chokaa, akasema ni kazi ya kimaskini inayochafua nguo za watu, akatuuzia rangi ya mafuta yenye kung'aa, ya kuosheka kwa maji na sabuni. Tulikusanya fedha, tukapaka, na siku ya Idi kila mgeni aliyeingia alisifu.

Masika ya kwanza yalipita salama. Masika ya pili tuliona viputo karibu na sakafu, kama ngozi iliyoungua. Masika ya tatu rangi ilivuka vipande vipande pamoja na lipu iliyo nyuma yake, na unga mweupe wa chumvi ukajaa chini. Chumba cha mama yetu kilinuka ukungu hata ikatubidi kumhamisha. Naye alikuwa amelala katika chumba kile tangu siku ya arusi yake.

Tulimwita fundi wa chokaa, mzee ambaye baba yake naye alikuwa fundi. Aliugusa ukuta kwa kiganja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, mmeuvika ukuta koti la mvua, nao hutoka jasho kila siku. Mwafikiri jasho lingekwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu, na katika maneno yale mlikuwa na elimu yote tuliyoikosa.

UKUTA UNAOPUMUA

Ukuta wa kale wa pwani umejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo au chokaa, na chini yake mara nyingi hapana kitu cha kuzuia maji ya ardhini yasipande. Maji hupanda ndani ya ukuta kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Yakifika juu hutoka nje kwa njia ya lipu ya chokaa, yakakaushwa na upepo. Chokaa ina vinyweleo vidogo sana, nayo huyaacha maji yapite. Lakini ukiufunika ukuta huo kwa rangi ya mafuta, au kwa rangi nzito ya plastiki, au kwa lipu ya saruji, umeifunga njia ile. Maji hujikusanya nyuma, yakachukua chumvi iliyo ndani ya mawe, na chumvi hiyo ikigeuka chembe ngumu husukuma lipu mpaka ianguke.

Basi, kabla ya kununua chochote, yatupasa kujiuliza swali moja: ukuta wangu umejengwa kwa nini? Ikiwa ni nyumba ya kale ya mawe na chokaa, dawa yake ni chokaa. Ikiwa ni nyumba mpya ya matofali ya saruji, rangi ya maji yafaa sana. Mlango na dirisha la mbao vina rangi yake, na bati nalo lina yake. Mtu anayetumia rangi moja kwa vitu vyote ni kama mganga mwenye dawa moja kwa maradhi yote.

Wenye nyumba katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika Mji wa Kale wa Lamu wana jambo jingine la kukumbuka. Miji hiyo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, wa kwanza mwaka 2000 na wa pili mwaka 2001. Hapana budi mtu aulize wenye mamlaka ya uhifadhi kabla ya kubadili sura ya nyumba yake.

CHOKAA: NAMNA YA KUITENGENEZA NA KUIPAKA

Chokaa ya wazee wetu hutoka katika mawe ya matumbawe yaliyochomwa katika tanuu. Moto huondoa hewa iliyo ndani ya jiwe, na linalobaki ni chokaa kali, ambayo ikitiwa katika maji huchemka yenyewe kwa ukali mkubwa. Baada ya kuzimwa hivyo hupakwa ukutani, na hapo huanza kuivuta tena hewa ile iliyoipoteza motoni, mpaka igeuke kuwa jiwe kama ilivyokuwa. Kwa hiyo chokaa iliyopakwa vizuri ni kama jiwe jembamba lililoshikamana na ukuta.

Siku hizi wengi hununua chokaa iliyokwisha kuzimwa, nayo huuzwa unga ndani ya mifuko. Itieni katika pipa au ndoo ya plastiki yenye maji, mkoroge, mwiache ilale usiku mmoja au zaidi. Kadiri inavyokaa majini ndivyo inavyolainika. Msitumie sufuria ya alumini, maana chokaa huila. Asubuhi ichujeni kwa kitambaa, kisha mwongeze maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Wengi hukosea hapa, kwa kupaka chokaa nzito kama uji ili wamalize kwa mara moja. Chokaa nzito hupasuka na kumwaga unga kila mtu anapoegemea ukuta.

Wako wanaoongeza chumvi kidogo ili chokaa ishike, na wako wanaotia gundi. Kwa ukuta wa nje wengine hutia mafuta kidogo ya mnyama wakati chokaa kali inapochemka, ili mvua iteleze. Katika ukuta ambao tayari unatoa unga wa chumvi, heri msiongeze chumvi nyingine. Buluu kidogo ya kufulia huufanya weupe uonekane mweupe zaidi.

Kabla ya kupaka, safisheni vumbi na chokaa ya zamani iliyolegea, kisha mnyunyizie ukuta maji mpaka unyevuke bila kuchuruzika. Ukuta mkavu huyanywa maji ya chokaa kabla haijashika. Pakeni kwa brashi pana, koti jembamba, na mwache siku nzima kabla ya koti la pili. Msishangae ikiwa chokaa mbichi haionekani. Huwa kama maji, kisha huja weupe wake inapokauka. Ukuta mzuri wataka makoti matatu, na ule uliochakaa hata matano. Fanyeni kazi asubuhi au alasiri, si jua la utosi, maana chokaa inayokauka upesi haipati wakati wa kugeuka jiwe.

Twawaonya vijana: chokaa huunguza. Vaeni miwani na mipira ya mikono. Tone likiingia jichoni, lioshwe mara moja kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 15 au 20, kisha mtu apelekwe kwa daktari bila kungoja kesho. Na mwenye kuzima chokaa kali aitie chokaa katika maji kidogo kidogo. Asimwage maji juu ya chokaa, maana yaweza kumrukia usoni.

RANGI YA MAJI NA HESABU YAKE

Rangi yoyote ina mambo matatu makuu: unga unaotoa rangi yenyewe, kitu cha kushikisha, na maji au mafuta ya kuifanya iwe nyepesi. Katika rangi ya maji kitu cha kushikisha ni namna ya plastiki iliyosagika ndani ya maji. Yafaa kwa kuta za saruji, hukauka kwa saa chache, harufu yake ni ndogo, na brashi zake huoshwa kwa maji tu.

Watu wengi hununua kwa kukisia, wengine wakanunua nyingi ikabaki kuoza, na wengine wakanunua kidogo ikaisha katikati ya ukuta. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme chumba kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3, na kimo cha mita 3. Jumlisheni pande zote nne: 4 na 3 na 4 na 3 ni mita 14. Zidisheni kwa kimo, mtapata mita za mraba 42. Ondoeni mlango mmoja na dirisha moja, kama mita za mraba 3, zimebaki 39. Makoti mawili ni 78. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kiasi cha mita za mraba 10 kwa koti moja juu ya ukuta laini. Basi chumba hiki chataka kama lita 8, yaani makopo mawili ya lita 4. Ukuta wenye mikwaruzo hunywa zaidi. Someni pia maandishi ya kopo, kwa maana rangi hazilingani.

Ikiwa makopo ni mengi, yamimineni yote katika ndoo moja kubwa na kuyakoroga kabla ya kuanza. Rangi ya kopo moja yaweza kuhitilafiana kidogo na ya kopo jingine, na tofauti hiyo huonekana ukutani baada ya kukauka.

VYOMBO

Brashi mbaya ni hasara. Nywele zake hutoka na kubaki ukutani kama nzi katika maziwa. Nunueni brashi mbili tu zilizo nzuri, moja ya inchi 4 kwa kuta na moja ya inchi 2 kwa pembe na fremu, mzitunze, nazo zitawatumikia miaka. Rola huharakisha kazi ya ukuta mpana. Ongezeni kikwangulio cha chuma, msasa mkali na msasa laini, puti ya kuzibia nyufa, matambara, magazeti ya kufunika sakafu, na ngazi imara. Ngazi ya kuegemeza isimame mguu mmoja mbali na ukuta kwa kila miguu minne ya kimo, na pawe na mtu wa kuishika chini. Ndoo juu ya kiti juu ya meza si ngazi.

MATAYARISHO NDIYO KAZI

Mafundi wazuri hutumia wakati mwingi zaidi katika kutayarisha kuliko katika kupaka. Kwanza tafuteni maji yanapoingilia: bomba linalovuja, bati lililotoboka, au mchirizi ulioziba. Kupaka rangi juu ya ukuta unaovujiwa ni kufunika kidonda kichafu kwa kitambaa safi. Kwangueni rangi yote iliyolegea, zibeni nyufa, pigeni msasa, mfute vumbi. Penye ukungu oshwe kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe iliyotiwa maji, madirisha yakiwa wazi, wala msiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, maana yaweza kutoa hewa yenye sumu.

Lipu mpya ya saruji iachwe ikauke kwa muda wa mwezi hivi kabla ya kupakwa. Ina ukali ndani yake ambao huiharibu rangi, hasa ya mafuta, ikageuka kuwa utelezi kama sabuni.

Kisha fuateni taratibu: dari kwanza, kuta baadaye, milango na madirisha mwisho, ili matone ya juu yasiharibu kazi ya chini. Zungusheni pembe kwa brashi ndogo, halafu mjaze katikati kwa rola. Anzeni upande wa dirisha mkielekea ndani, na msipumzike katikati ya ukuta, kwa sababu mahali pa kuungia rangi kavu na mbichi hubaki alama. Makoti mawili membamba hushinda moja zito.

MBAO NA MABATI

Mbao mpya hutaka rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima, kisha andakoti, kisha rangi ya mafuta ya juu. Kila koti likauke usiku mzima, na lipigwe msasa laini kabla ya jingine. Lakini mlango wa kale wenye nakshi usipakwe rangi ya mafuta, maana koti juu ya koti huyajaza maua yale mpaka yasionekane tena. Mlango kama huo hufutwa vumbi kwa brashi laini na kupakwa mafuta ya kitani membamba kwa tambara. Na jihadharini na tambara hilo: matambara yenye mafuta ya kitani yakikunjwa na kurundikwa pembeni hupata joto yenyewe na yaweza kuwaka moto usiku, watu wamelala. Yaanikwe nje yakiwa wazi mpaka yakauke, au yatiwe ndani ya ndoo ya maji.

Bati jipya linalong'aa halishiki rangi ya mafuta kwa urahisi. Lapaswa kupakwa kwanza praima iliyotengenezwa kwa ajili yake. Mkilipaka rangi nyeupe litarudisha sehemu kubwa ya joto la jua, nanyi mtapata kivuli kizuri zaidi chini yake.

RISASI: ADUI ASIYEONEKANA

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumeyaandika maneno haya. Kwa karne nyingi rangi nyeupe ilitengenezwa kwa madini ya risasi, na rangi za manjano, chungwa, nyekundu na kijani zilitiwa risasi ili ziwe kali au zikauke upesi. Risasi ni sumu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani ya nyumba. Marekani iliikataza rangi ya nyumbani yenye risasi mwaka 1978. Walakini rangi za mafuta zenye risasi ziliendelea kuuzwa katika nchi nyingi miaka mingi baada ya hapo, na kuta na milango iliyopakwa nazo ingali imesimama.

Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba zilizo tumboni. Mtoto hutambaa, hugusa vumbi la dirisha, hutia vidole kinywani. Na magamba ya rangi hiyo yana ladha ya utamu. Sumu huingia katika ubongo wake unaokua, ikampunguzia akili na utulivu, na hasara hiyo hairudishiki. Mzazi aweza kumlaumu mwanawe kwa uzito wa kusoma, kumbe chanzo kiko katika fremu ya dirisha.

Basi fanyeni hivi. Mnaponunua rangi ya mafuta, someni kopo na mtafute iliyoandikwa haina risasi. Kiwango kinachokubaliwa na wataalamu kisizidi sehemu 90 katika milioni. Mnapoondoa rangi ya kale, msiichome kwa moto wala msipige msasa mkavu. Inyunyizieni maji kwanza, mpige msasa ikiwa imelowa, ili vumbi lisiruke. Watoto na mwanamke mwenye mimba wahame nyumbani siku hizo. Fagieni kwa tambara bichi, si kwa ufagio mkavu. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na aliyefanya kazi aoge kabla ya kumbeba mwanawe. Ikiwa rangi ya kale ni nzima na haijababuka, ni salama zaidi kuiacha na kuifunika kwa koti jipya kuliko kuichokoa.

BAADA YA KAZI

Brashi za rangi ya maji zioshwe mara moja kwa maji na sabuni; za mafuta zioshwe kwa tapentaini. Mabaki yasimwagwe kisimani, wala mtaroni, wala ufukweni, maana maji hayo wanayatumia watu na viumbe wengine. Kopo lililobaki lifungwe sana, liandikwe jina la chumba na tarehe, na kuwekwa mbali na watoto.

MWISHO WA NYUMBA ILE

Wasomaji wetu huenda wakauliza yaliyoupata ukuta wa mama yetu. Tuliikwangua rangi yote tuliyoinunua kwa fahari, ikatuchukua majuma mawili na vidonda vya vidole. Tuliuacha ukuta wazi kwa kaskazi nzima ukauke. Kisha yule mzee alitufundisha kuchanganya fungu moja la chokaa na mafungu matatu ya mchanga safi, usio wa pwani, na kupiga lipu mpya kwa mwiko. Baada ya hapo tulipaka chokaa nyepesi makoti manne, kila siku koti moja. Gharama yote ya vifaa ilikuwa chini ya ile ya rangi iliyotuharibia.

Mama alirudi chumbani mwake usiku wa kuamkia Idi. Aliupitisha mkono ukutani kama alivyofanya yule fundi, akasema, "Sasa chanukia kama zamani."

Tangu mwaka ule, kila Shaabani vijana wa nyumba yetu hukoroga pipa moja la chokaa. Wakimaliza kwetu huchukua iliyobaki na ngazi wakaenda kwa jirani mjane asiye na mtoto wa kumpandia ngazi. Kazi hiyo huwachukua siku mbili tu. Twawashauri vijana wanaosoma maneno haya watazame katika mtaa wao. Hapakosi ukuta unaongoja mtu. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu usafi na afya, na azikubali kazi za mikono yetu.